Shaker orijino au kopi? Pindua kiti kwanza, bei mtaongea baadaye

Kama unaishi huku Marekani, hasa upande wa mashariki, New York, Massachusetts, New Hampshire, Maine, au kule Kentucky na Ohio, lazima ushakutana na hii kitu. Unaingia duka la vitu vya kale au yadi seli ya mtu anayehama, unakuta kiti cha mbao kimetulia, hakina nakshi wala makorokoro, miguu myembamba, mgongoni bapa tatu au nne za mbao zilizolala, halafu kuna kakaratasi kamefungwa kwa uzi kameandikwa Shaker, yaani kimetengenezwa na Washaker, kundi la Wakristo wa zamani wa huku, na bei ambayo ukiisoma unameza mate. Hapo ndo watu wanapopigwa. Unachouziwa ni hilo jina kwenye kakaratasi, na jina halina gharama kuliandika.

Mi fanicha za zamani ndo kazi yangu ya kila siku, kuzikarabati na kuzikagua, na swali ninaloulizwa kuliko yote na ndugu zetu huku ni hilo hilo, nitajuaje kama hii ni ya kweli? Basi ngoja niandike yote sehemu moja, ukiwa na tochi, futi ya kupimia na uvumilivu kidogo utajua mengi kuliko muuzaji angependa ujue.

Washaker ni akina nani, kwa kifupi tu

Ni kundi la Wakristo lililoanzia Uingereza. Kiongozi wao, Ann Lee, alizaliwa Manchester 1736, akavuka bahari 1774 na wafuasi wachache wakaenda kukaa karibu na Albany, New York. Kwenye ibada walikuwa wanatetemeka na kucheza, ndo jina lilikotoka. Hawakuoa wala kuolewa, mali ilikuwa ya wote, wanaume na wanawake waliongoza pamoja, watoto waliwapata kwa kulea yatima na kwa familia zilizojiunga nzima nzima. Ann Lee akafariki 1784, na kuanzia 1787 wakaanza kujikusanya rasmi New Lebanon, baadaye pakaitwa Mount Lebanon, hapo ndo palikuwa makao makuu. Katikati ya karne ya 19 walikuwa maelfu, wana vijiji kuanzia Maine mpaka Kentucky, na fanicha zinazogombaniwa zaidi leo ni za kati ya 1820 na 1850 na kitu.

Sasa jamii ambayo haizai, ikikosa wa kujiunga inapungua tu. Vijiji vikafungwa kimoja baada ya kingine, Mount Lebanon penyewe pakafungwa 1947, leo kimebaki kimoja tu chenye Washaker wanaoishi, Sabbathday Lake kule Maine. Kila kijiji kikifungwa vitu vinauzwa, vingi vilitoka bila karatasi yoyote, vikaingia kwenye nyumba za watu vikachanganyika na fanicha nyingine za mashambani za wakati ule ule. Halafu wakusanyaji wakaanza kuvitafuta miaka ya 1920, jumba la sanaa la Whitney New York likafanya maonyesho ya kazi zao 1935, bei ikapanda na haikurudi. 1990 Oprah Winfrey alilipa dola 220,000 kwa kaunta moja ya mbao. Dola laki mbili na ishirini elfu, kaunta ya kufanyia kazi! Kwa pesa hiyo unategemea matapeli wakae kimya?

Kuna Shaker ya ndani na Shaker ya kuuza

Hili wengi hawalijui na ndo linalowachanganya. Washaker walitengeneza fanicha za aina mbili. Za kwanza ni za kutumia wao wenyewe, kabati, meza, kaunta, vitanda, madawati ya kushonea. Hizi hazina chapa. Sheria zao, zile walizoziandika 1821 na kuzikaza 1845, zilikataza mtu kuandika jina lake kwenye kazi ya mikono yake ili asije akajitukuza, na zilikataza pia urembo ambao hauna kazi. Kwa hiyo ukiona meza imeandikwa jina kubwa la fundi na mwaka, tena mahali panapoonekana vizuri, shtuka. Zipo chache zilizosainiwa kweli, kwa penseli, mahali pa kujificha, chini ya droo au nyuma ya ubao, na mara nyingi unachokuta ni jina la jengo au namba ya chumba ili kitu kirudishwe mahali pake baada ya usafi.

Aina ya pili ni za kuuzia watu wa nje, yaani viti na maboksi. Viti vya Mount Lebanon vilikuwa biashara kamili, kiwanda, katalogi, oda kwa posta. Aliyeikuza ni ndugu mmoja wa Kishaker anaitwa Robert Wagan, miaka ya 1860 na 1870, na walivipeleka mpaka maonyesho makubwa ya Philadelphia 1876. Hivi vina namba na vina chapa, na kopi zake zilianza zamani hizo hizo, Washaker wenyewe wakiwa hai na kiwanda kinafanya kazi. Wafanyabiashara wa mjini waliviiga mapema sana mpaka Wagan na wenzake wakaweka chapa ya biashara na kuwaonya wateja kwenye katalogi. Kwa hiyo kiti kinaweza kuwa na miaka 140 na bado kikawa kopi. Umri peke yake hautoshi, kumbuka hilo kila ukisikia muuzaji anasema "lakini ni cha zamani sana".

Kiti: anza na tumbo

Usikikalie kwanza. Kinyanyue. Kiti cha Mount Lebanon ni chepesi kuliko unavyotegemea, maana Washaker walikuwa wanavitundika ukutani kwenye vigingi wakati wa kufagia, na fundi wao hakuacha mbao isiyo na kazi. Kopi nyingi za kisasa ni nzito, vipago vya miguuni (vile vijiti vinavyounganisha miguu) vinene, bapa za mgongoni nene.

Kigeuze, angalia nyuma ya bapa ya juu kabisa ya mgongo. Kwenye viti vya kuuza kuna namba imegongwa ndani ya mbao, kuanzia 0 ambacho ni cha mtoto mdogo mpaka 7 kikubwa kabisa. Namba iingie kwenye mbao na rangi au vanishi iwe imezama humo ndani pamoja na uchafu wa miaka. Kama namba imekata vanishi na ndani yake mbao inaonekana nyeupe, imegongwa juzi. Halafu linganisha namba na kiti chenyewe, kuna watu wanagonga 7 kwenye kiti ambacho mtu mzima akikaa magoti yanafika kifuani.

Chapa yenyewe ni karatasi ya kuhamishia, rangi ya dhahabu, ina picha ya kiti cha bembea na jina la Mount Lebanon. Itafute upande wa ndani wa ile mbao iliyopinda ya bembea, au nyuma ya bapa ya chini, au mguuni. Mi chapa naipa uzito mdogo sana. Imebanduka kwenye viti vingi vya kweli kwa sababu watu wamevisugua na kuvipaka upya, na chapa feki zipo sokoni. Ukiikuta inang'aa, haina mkwaruzo hata mmoja, na kiti kinachoizunguka kimechoka, basi imekuja kiti kikiwa kishazeeka.

Sasa pitisha kidole kwenye vipago vya mbele, vile vya chini ambapo watu huegesha visigino. Miaka mia ya visigino inakula mbao kwa juu na kwa mbele, inabaki bapa kidogo, laini, na upande mmoja umeliwa kuliko mwingine maana hakuna mtu anayekaa sawasawa. Chini ya kipago, ambako kisigino hakifiki, panatakiwa kuwa na umbo lake la mwanzo. Mtu anayezeesha kiti kwa msasa hajiulizi mtu anakaaje, anasugua kote kote, utakuta hata nyuma ya mguu pamelika ambako hakuna kiungo cha binadamu kinachofika. Vuta picha kichwani kama ni wewe unakitumia, mikono ingeshika wapi, kiti kingeburutwa vipi, kingegonga ukuta sehemu gani. Vichwa vya nguzo mbili za nyuma, mtu akivuta kiti anavishika, navyo vilaini kwa juu kuliko shingoni.

Chini ya miguu angalia kama imekatwa. Viti vingi vya kawaida vilikatwa miguu vikafungwa bembea baadaye, na vya bembea vingine vilitolewa bembea. Mguu uliokatwa unaonyesha uso mpya, na umbali wa kipago cha chini mpaka sakafuni unakuwa mdogo kiasi kwamba jicho lenyewe linakataa.

Kwenye viti vingine, miguu ya nyuma imefungwa vitufe vya mbao, nusu tufe iliyo bapa kwa chini, imeshikwa na kamba ya ngozi inayopanda ndani ya mguu, ili mtu akiegemea nyuma mguu usichimbe sakafu wala zulia. Ndugu mmoja wa New Lebanon, George O'Donnell, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya aina ya chuma 1852. Kitufe kinapandisha bei, kwa hiyo kuna watu wanavichomeka kwenye viti vya kawaida. Tundu la zamani lina giza ndani na kingo zimelainika kwa kusuguana, tundu jipya ni safi na drili imeacha mikwaruzo ya mzunguko.

Na kile kikalio cha utepe je? Vikalio vingi vilisukwa kwa utepe wa kitambaa, rangi mbili zinapishana mraba mraba, kazi yenyewe ni kama kusuka kitanda cha kamba. Mwanzoni walifuma wenyewe kwa sufu, baadaye wakawa wananunua wa pamba kiwandani. Utepe mpya usikutishe, kikalio kinaisha kama nguo, kiti cha kweli kinaweza kuwa kishasukwa upya mara kadhaa. Ila chungulia chini ya utepe kama unaweza, kwenye vile vipago vinne vinavyoshika kikalio, utakuta mbao ina mikwaruzo na mashimo madogo ya misumari ya zamani. Kipago kisafi kabisa huko ndani kwenye kiti kinachodai karne na nusu, mi naondoka.

Mbao hunywea, na hunywea upande mmoja

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hiki hapa, na hakihitaji ujuzi. Mbao ikikauka miaka mingi hunywea sana kwa upande wa kukatiza nyuzi na karibu hainywei kabisa kwa kufuata nyuzi. Kwa hiyo chochote kilichokerezwa mviringo miaka 150 iliyopita, leo si mviringo kamili. Chukua ile meza ndogo ya mguu mmoja wenye makucha matatu, ya kuwekea mshumaa, hizi ndo zinazoigwa sana. Pima uso wake kwa futi kufuata nyuzi, kisha pima kukatiza nyuzi. Ya kweli itatofautiana milimita kadhaa, uso mpana zaidi unatofautiana zaidi. Vipimo viwili vikilingana kabisa, huo uso ni mpya au mbao haijapata muda wa kunywea.

Miguu ya kiti nayo pima hivyo hivyo kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, mbele kwenda nyuma halafu kulia kwenda kushoto. Kishikio cha droo pia. Mashine ya kisasa inatoa duara ambalo huwezi kulikosoa, mzee wa 1840 alitoa duara zuri pia lakini muda umelibana. Na vile vijiti vidogo vya mbao wanavyopigilia kufunga ulimi (ncha ya mbao moja inayoingia kwenye nyingine) ndani ya tundu, ulimi na tundu vikinywea kijiti kinatokeza nje kidogo, ukipitisha kiganja unakisikia. Kwenye kopi vijiti vimesagwa bapa sawa na uso, vingine hata havifungi kitu, ni vipande vya urembo vilivyobandikwa kwa gundi juu ya skrubu. Nimeviona hivyo kwenye meza ya maelfu ya dola, muuzaji kafunga tai.

Msumeno wa mashine haumaanishi feki

Watu wakikuta alama za msumeno wa duara chini ya meza, ile mistari iliyopinda, wanasema aa hii ya mashine, feki. Subiri. Washaker hawakuchukia mashine hata kidogo, walizipenda. Karakana zao ziliendeshwa kwa nguvu ya maji, walikuwa na misumeno ya duara na mashine za kuranda mapema kuliko majirani zao wengi, na kuna simulizi kwao kwamba dada wa kijiji cha Harvard, Massachusetts, Tabitha Babbitt, ndo alibuni msumeno wa duara karibu 1813. Wanahistoria wanabishana juu ya hilo, ila mistari iliyopinda kwenye sehemu ya kujificha ya kabati la 1840 ni kitu cha kawaida. Ukiikuta mbele, kwenye uso wa droo, hapo sawa, uliza maswali, fundi wa Kishaker asingeiacha.

Vyuma ndo vinasema zaidi. Msumari wa waya, ule wa mviringo wa kisasa, ulitawala soko miaka ya 1890 kwenda mbele. Kabla yake ni msumari uliokatwa kwenye bati nene la chuma, una pande nne na kichwa kisicho sawa. Skrubu yenye ncha kali ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1840, kabla ya hapo skrubu ilikuwa butu chini, na ufa wake wa bisibisi mara nyingi haukupita katikati sawasawa. Skrubu ya kichwa cha nyota ni ya miaka ya 1930. Sasa skrubu moja mpya haiui fanicha, labda mtu alirekebisha bawaba. Angalia kama chini yake kuna tundu la zamani. Lakini ukikuta skrubu zote mpya na hakuna tundu lingine popote, hicho kitu hakikuwahi kuwa na za zamani. Kinyume chake pia kipo, mjanja ananunua misumari ya zamani kwa kilo, anaipigilia kwenye mbao ya zamani ya ghalani, kwa hiyo msumari angalia pamoja na tundu lake, chuma cha zamani huacha doa jeusi la kutu ndani ya nyuzi za mbao kuizunguka. Msumari wa kutu, mbao safi, jibu unalo.

Plaiwudi na pini za stepla hata sizungumzii.

Droo ichomoe yote

Muuzaji akikuambia usiichomoe, mwage. Ichomoe, igeuze, inuse. Ndiyo, inuse, mbao ya zamani inanuka vumbi kavu, na vanishi mpya inanuka hata baada ya miezi.

Meno ya pembeni, ile dovuteli inayoshika ubao wa mbele na wa ubavuni, kwa mkono hayafanani kabisa hata kama fundi ni hodari, na utaona kamstari kembamba alikochora kabla ya kukata. Meno yote sawa kwa kipimo na nafasi ni mashine, na mashine hiyo ni ya mwisho wa karne ya 19 kuja huku. Ubao wa chini ya droo uguse kwa vidole mwanga ukiwa wa ubavu, weka tochi pembeni kabisa karibu ilale, utaona mawimbi ya randa ya mkono. Kisha kingo za chini za mbavu za droo, zinazoteleza kwenye reli, zinatakiwa ziwe zimeliwa, zaidi kwa nyuma, na reli ndani ya kabati nazo zimechimbika mahali pale pale. Droo imeliwa na reli nzima? Hao hawakukua nyumba moja. Hii ya kuunganisha vitu viwili, juu ya kabati moja chini ya lingine, ni ya kawaida mno na haihusishi mbao mpya hata kipande, ndo maana inawapita hata wenye macho.

Sehemu ambazo hazikupakwa kitu, mgongo wa kabati, chini ya meza, ndani, mbao huwa kahawia au kijivu kavu, na haiko sawa, panapopata hewa pamekolea kuliko palipofunikwa. Chomoa kitu, tazama kivuli chake. Kama rangi ya ndani iko moja kote, hata ndani ya tundu, imepakwa chai, siki au dawa. Na kama ulimi uliolegea ukiuchungulia unaona mbao ya njano mbichi, mbao inaweza kuwa ya zamani lakini mkato ni wa mwaka jana.

Matundu ya wadudu chomeka waya mwembamba. Mdudu hachimbi njia iliyonyooka, anapinda anapojisikia. Waya ukizama wima kama ulivyo, ni drili.

Rangi

Kuna imani kwamba Shaker ni mbao tupu ya asali, safi, tulivu. Wapi! Walipaka rangi za kuamka nazo, njano kali, nyekundu, buluu, na sheria ya 1845 ilisema vitanda vipakwe kijani. Rangi yao ilikuwa nyepesi, mara nyingi unaona nyuzi za mbao chini yake. Karne ya 20 wanunuzi walipenda mbao tupu, wauzaji wakazichubua kwa dawa, maelfu ya vitu vikapoteza ngozi. Leo kilichobaki na rangi yake ya kwanza ndo chenye thamani, kwa hiyo unajua nini kinafuata, watu wanapaka upya za zamani zilizochubuliwa, na kopi zinapakwa ili zifanane.

Kagua hivi. Kwenye ufa, rangi ya kwanza ilipakwa kabla ufa haujatokea, kwa hiyo ukingo wa ufa unakatika na ndani ni mbao. Rangi ikiwa imeingia ndani ya ufa au imefunika sehemu iliyolika, imepakwa baada ya kuzeeka. Kisha zima taa, tumia tochi ya UV, ile wanayokagulia noti. Vanishi ya zamani ya sheleki inatoa mwanga wa rangi ya chungwa, na sehemu zilizorekebishwa zinajitokeza kama mabaka. Tochi haikupi tarehe, inakuonyesha tu kwamba hapa na pale hapakupakwa siku moja.

Maboksi ya duara refu

Hivi ni vidogo, vinabebeka, na vyenye rangi nzuri bei yake inaweza kupita kabati, kwa hiyo umakini uongezeke. Ubavu ni mbao nyembamba ya mepo iliyolainishwa kwa maji ya moto au mvuke ikakunjwa, mfuniko na kitako ni paini. Pale ubavu unapopishana wamekata vidole virefu vilivyochongoka, kati ya kidole na kidole kuna nafasi ya mbao kutanuka bila kupasuka, na vimefungwa kwa misumari midogo ya shaba nyekundu kwa sababu haishiki kutu. Kingo za kidole cha zamani zimenyolewa mshazari kwa kisu, zinashuka taratibu mpaka ubavuni. Ndani ya boksi utaona ncha za misumari hiyo zimekunjwa zikarudi kwenye mbao. Shaba ya zamani imekuwa kahawia au ina ukijani, na mbao inayoizunguka imeshika kidoa.

Mfuniko upime kama nilivyosema juu, paini yake imenywea, mara nyingi kuna kaupenyo kati yake na ukingo, au ubao umepasuka mstari mmoja. Vijiti vinavyoshika mfuniko kwenye ukingo wake ni vya mbao vidogo sana. Mafundi wa leo wengine wanatumia vijiti vya kuchokolea meno, vinafanya kazi vizuri tu, lakini vyote ni mviringo saizi moja, ukivihesabu kwa tochi unavitambua.

Maboksi haya yanatengenezwa na watu wengi sana leo, mafundi wazuri, wengine wanasaini na mwaka wanaweka. Boksi hilo hilo likifutwa saini kwa msasa linapanda bei mara kumi. Kitako kikiwa na sehemu moja iliyosuguliwa laini kuliko kwingine, jiulize palikuwa na nini hapo.

Kopi za haki

Nisieleweke vibaya, kopi si dhambi. Kuna viti vya kujiunganishia nyumbani vilivyouzwa kama vifurushi tangu miaka ya 1970, leo vina miaka 50, vimekaliwa, vimepauka, mwenye navyo amefariki na wajukuu wanaamini kwa roho safi ni vya kina bibi wa kale. Hao hawakudanganyi, hawajui tu. Kuna pia viti vya Denmark vilivyochota kwa Washaker, kama kile cha Børge Mogensen kinachoitwa J39, cha 1947, kizuri na kina thamani yake kwa jina lake, usikubali kuuziwa kwa jina la mwingine. Na ile milango ya kabati za jikoni yenye fremu na ubao bapa katikati wanayoiita shaker, mpaka mafundi wa Nairobi na Dar wanaitangaza, hiyo ni staili, haina uhusiano na kijiji chochote.

Ukitaka kiti cha kukalia, nunua kopi nzuri, kalia, furahi. Kiti cha kawaida cha Mount Lebanon chenyewe mara nyingi ni dola mia kadhaa, si mbali sana na kopi mpya iliyotengenezwa vizuri, kwa hiyo kwenye viti hasara huwa ni ya kuvumilika. Kwenye kabati, kaunta, meza na boksi la rangi ndo mtu anauza gari.

Kabla ya kulipa

Muulize muuzaji kijiji gani na amejuaje. "Shaker" peke yake si jibu. Mbao inatakiwa ikubaliane na kijiji, kaskazini mashariki utakuta paini, mepo, bechi na cheri, ukienda Kentucky na Ohio wolnati na popla zinaongezeka. Mwambie aandike kwenye risiti kwa maneno kamili, Shaker, kijiji fulani, karibu mwaka fulani, na kwamba isipokuwa hivyo atarudisha pesa. Anayeanza kusema "tuseme tu ni staili ya Shaker" wakati bei ni ya Shaker amekujibu tayari. Kwenye minada soma masharti kabla hujanyoosha mkono, mengi yanakupa muda mfupi wa kulalamika.

Na macho yanafundishwa kwa vitu vya kweli. Hancock Shaker Village pale Pittsfield, Canterbury kule New Hampshire, Pleasant Hill Kentucky, vijiji vya zamani ambavyo sasa ni makumbusho, kote unaingia na unaona fanicha ndani ya majengo yake yenyewe. New York, Metropolitan Museum wana chumba kizima kutoka New Lebanon. Chuchumaa. Walinzi watakutazama vibaya, wewe chuchumaa tu utazame chini ya meza bila kugusa.

Ukishanunua cha kweli, usikisugue, usikipake vanishi, usikipeleke kwa fundi "akirudishie upya wake". Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu, kiweke mbali na hita maana majira ya baridi hewa ya ndani huku inakausha mbao mpaka ulimi unachomoka. Utepe ukikatika sukia mwingine, na ule wa zamani uweke kwenye bahasha ufunge pamoja na risiti.